Kukata bezi kabla ya ampli: kondensata ya ngapi?

fundi_kadutu (Bukavu): Jambo mafundi. Bafle (spika) zina wufa, yaani spika ya bezi, ya sentimita 13 na zinakoroma bezi ikipanda. Kesoni (sabufa, sanduku la bezi nzito) iko pembeni tayari. Nataka kukata chini ya 80 Hz kati ya preampli na ampli, kwa kondensata na rezistansi tu. Upinzani wa ingizo la ampli umeandikwa 47 kΩ.

ibanda_sauti: C = 1 ÷ (6,28 × R × F): C ni kondensata, R ni upinzani, F ni Hz za mkato. Inatoka 42 nF. 47 nF ndiyo inapatikana, nayo inakata kwenye 72 Hz. Ila hiyo 47 kΩ ya kwenye karatasi usiiamini sana. Weka rezistansi ya 10 kΩ toka ingizo la ampli hadi masi (ardhi ya saketi): pamoja zinakuwa 8,25 kΩ, na kwa 220 nF unakata kwenye 88 Hz. Hata ampli ikiwa kweli 40 au 60 kΩ, unabaki kati ya 84 na 90.

Kondensata ikae upande wa preampli, rezistansi upande wa ampli. Chukua ya filamu, poliesta au polipropileni. Zile za seramiki za kahawia thamani yake inacheza na volteji, sauti inachafuka. Pima mbili zinazofanana, kushoto na kulia.

mzee_wa_masi: Volume iko wapi kwanza? Kama potansiomita ya 50 kΩ ndiyo ya mwisho kwenye preampli, ikiwa katikati upinzani wake wa kutoa unafikia 12,5 kΩ. Hapo hesabu ya ibanda inaanguka: mkato unashuka hadi 35 Hz na sauti inapotea 8 dB.

fundi_kadutu: Aksanti, mzee. Baada ya volume kuna opampu (chipu ya kukuza sauti), inatoa kupitia 100 Ω. Nikitaka mkato mkali zaidi, naweza kurudia hatua ileile (kondensata na rezistansi) mara mbili?

mzee_wa_masi: Basi uko salama. Ila hatua mbili zinazolingana zinakulana, ya pili inaivuta ya kwanza: kwenye 88 Hz utapoteza 9,5 dB badala ya 6. Ya pili iwe na upinzani mkubwa mara kumi: ya kwanza 470 nF na 4,7 kΩ kwenda masi, halafu ya pili 47 nF moja kwa moja kwenye ingizo la 47 kΩ, bila ile 10 kΩ. Ujue tu kwamba kushuka kwa 3 dB kutaanzia kama 120 Hz, kwa hiyo mkato wa kesoni uupandishe kidogo.

ibanda_sauti: Na ulehemu ndani ya sanduku la ampli, karibu kabisa na ingizo. Waya mrefu baada ya kondensata unaokota mlio wa 50 Hz.