Mbona sokwe wa Gombe hawajageuka watu? Nahitaji zoezi la vitendo

Mwalimu wa Ujiji
Habari za jioni wadau. Nafundisha Biolojia kidato cha nne. Kila tukifika mada ya mageuko swali ni lile lile: kama binadamu alitokana na sokwe, mbona wa Gombe na Mahale wamebaki sokwe? Nikisema tuna babu wa kale mmoja wanaandika daftarini, ila swali likija kwa sura nyingine wanarudi kule kule. Tena wengi wanawatia sokwe na nyani kapu moja. Maabara haina kitu. Kamba, karatasi na uwanja wa mpira vipo.

Mgebuka
Mwalimu, tumia kamba ya katani uwanjani, mita moja iwe miaka milioni moja. Andaa mita 70 hivi.

Piga vigingi vitatu kwenye mstari mmoja wa "leo": binadamu, sokwe, nyani, wakipishana hatua mbili. Hapa ndipo zoezi huharibika, maana picha nyingi zinamweka sokwe mwanzo na binadamu mwisho. Sokwe ni kiumbe wa leo kama wewe. Naye ana safari yake.

Vuta kamba ya binadamu na ya sokwe zikutane kwenye mita 7, ufunge fundo: hapo ndipo alipo babu wa kale mmoja. Makadirio mengi ni miaka milioni 6 hadi 7. Kutoka kwenye fundo hilo endelea na kamba moja hadi ikutane na ya nyani kwenye mita 28. Makadirio hapo ni milioni 25 hadi 30.

Kisha funga vitambaa. Kwenye kamba ya binadamu, sentimita 30: visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) vya Homo sapiens, yaani binadamu kama sisi, vya Jebel Irhoud, Moroko. Mita 3.66: nyayo za Laetoli, za mababu waliotembea kwa miguu miwili. Kwenye kamba ya sokwe, nusu mita: meno ya sokwe yaliyopatikana karibu na Baringo, Kenya, yakatangazwa 2005. Kamba hiyo itabaki karibu tupu, na waeleze sababu: udongo wa msituni una tindikali, mifupa huoza kabla haijawa kisukuku.

Mita 25.2 funga vitambaa viwili vya visukuku vya Bonde la Rukwa, vilivyotangazwa 2013. Rukwapithecus iko kwenye kamba yetu ya pamoja na sokwe, Nsungwepithecus kwenye ya nyani. Kwa kuwa koo hizo mbili tayari zilikuwa zimeshaachana, fundo haliwezi kukaa ndani ya mita 25.

Sasa mtu atembee juu ya kamba. Sokwe hadi binadamu, mita 14. Sokwe hadi nyani, 56. Waache wahesabu wenyewe kwa miguu.

Gungu
Ongeza meno. Kioo kidogo na tochi ya simu vinatosha. Kila mwanafunzi aangalie gego la kwanza la chini la mwenzake, yaani jino la sita kuhesabu kutoka katikati. Kwa kawaida lina vinundu vitano, na mifereji kati yake inachora umbo la Y. Sokwe analo hivyo hivyo. Gego la nyani lina vinundu vinne vilivyoungana kuwa matuta mawili ya kukingama, lichore ubaoni. Usichukue gego la pili, kwa binadamu mara nyingi lina vinne na watakuchanganya. Jino lililotoboka au kusagika nalo halifai. Na tafadhali, mtu asiokote fuvu hifadhini, ni kosa kisheria.

Mwalimu wa Ujiji
Asanteni sana. Kuna mmoja mkali amesoma kwamba sokwe ana kromosomu 48 na sisi 46. Anasema basi hatuhusiani.

Uvinza
Huyo mpe karatasi. Akate vipande viwili, apake ncha zote rangi nyekundu, na kila kipande akiweke doti nyeusi moja. Agundishe ncha kwa ncha, asigundishe doti kwa doti. Atapata kipande kirefu chenye nyekundu katikati na doti mbili, na moja aikate kwa kalamu.

Ndivyo ilivyo kromosomu yetu namba 2: mbili za kale ziliungana kuwa moja. Katikati ina mfuatano wa herufi za DNA, TTAGGG, unaojirudia, ambao mahali pake ni nchani (ile rangi nyekundu), na upande wa pili wa mwungano umegeukia kinyume. Lipo pia baki la sentromia (ile doti nyeusi) ya pili isiyofanya kazi. Sokwe, gorila na orangutani wote wana 48, kwa hiyo mwungano ulitokea upande wetu, baada ya fundo la mita 7.

Ile 1.2% inayotajwa kuwa tofauti ya DNA yetu na ya sokwe nayo ifundishe kwa uangalifu. Ni tofauti ya herufi moja moja kwenye sehemu za DNA zinazolingana. Ukihesabu vipande vilivyoongezeka au kupotea, inafika kama 4%.

Mgebuka
Wakiuliza kwa nini tulisimama kwa miguu miwili, wape utafiti wa Bonde la Issa, huku huku kwetu magharibi, uliotoka Desemba 2022. Sokwe wa pale wanaishi kwenye mbuga yenye miti michache, lakini zaidi ya 85% ya mara walizosimama kwa miguu miwili walikuwa juu ya miti. Hilo linaitia shaka hoja kwamba tulisimama kwa sababu miti iliisha. Sisitiza kwamba sokwe wa Issa nao wanakaa kwenye kigingi cha "leo".