Lubumbashi–Kinshasa kwa ndege ni saa ngapi za kweli? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Katuba: Bandugu, mama mkwe anapanda ndege mara ya kwanza, uwanja wetu wa Luano hadi N'djili, ule wa Kinshasa. Tiketi ya kwenda: kuondoka 10:00, kufika 11:10. Ya kurudi: 13:00, kufika 16:10. Anauliza kwa nini kurudi ni mbali kuliko kwenda. Na mkwe hajibiwi ovyo.

Papa Ruashi: Upepo. Kurudi unapingana nao.

Kamalondo Juu: Papa, kwa heshima yako, upepo gani unakula saa mbili? Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na tiketi inaandika saa ya kila mji. Angani ni kama kilomita 1,550, saa mbili na dakika kumi kwenda, hizo hizo kurudi.

Papa Ruashi: Nilianza kusafiri hujazaliwa.

Kamalondo Juu: Na saa zilikuwa hizo hizo, Papa.

Mama Bibi Harusi: Mnabishana saa mbili! Mmenikumbusha ile ya msimu wa mvua. Natoka Kinshasa, gauni la harusi la mdogo wangu nimelipakata, sikutaka litupwe kwenye mizigo. Kesho yake asubuhi ndoa ya komini, ile ya serikali. Tukafika juu ya Luano, mvua, radi. Tunazunguka. Taa za mji naziona, zinapotea, naziona tena. Rubani akasema tunarudi Mbuji-Mayi. Mbuji-Mayi! Zaidi ya kilomita 700 nyuma! Jirani yangu akaanza kusali kwa Kiluba, mtoto wa kiti cha nyuma anatapika. Tukalala uwanjani, kampuni haikutupa hata maji. Betri ya simu imekufa, nyumbani hawajui kama tuko hai. Usiku mama mmoja akaniomba alivae lile gauni, eti baridi. Nilikataa, akaninunia hadi asubuhi.

Binti Kampemba: Na harusi??

Kamalondo Juu: Yaya, usitukatie hapo!

Mwana Goma: Nyinyi mna uwanja. Wetu ulifungwa Januari 2025. Kwenda Kinshasa nilivuka mpaka, gari hadi Kigali, ndege hadi Nairobi, ndipo Kinshasa. Na angani Goma–Kinshasa ni karibu kilomita zile zile zenu.

Papa Ruashi: Pole sana mwanangu.

Mzee wa Reli: Sisi treni hadi Ilebo, halafu boti ya Kasai. Saa aliuliza nani?

Binti Kampemba: Mama mkwe achukue ya asubuhi, mvua hupenda alasiri.

Mwana Kenya, mtaa si nchi: Asubuhi atangoja ndege ambayo bado haijatoka Kin. Achukue ya mchana, abebe mkate.

Mtoto wa Katuba: Nimemweleza habari ya saa, hakuitaka. Ya upepo kaikubali palepale.

Papa Ruashi: 😂 Mama mwenye akili.

Binti Kampemba: HARUSI, jamani!

Mama Bibi Harusi: Komini haingoji gauni. Aliazima la jirani. Langu likafika watu wanakula, akalivaa kwa picha.

Binti Kampemba: La jirani mlirudisha?

Mama Bibi Harusi: Tulirudisha. Anasema lina doa la mafuta ya mawese. Hilo tuliache.