Mimea ya tangi haiwi myekundu licha ya kuweka chuma kila siku

KijaniTu

Habari wadau. Naomba msaada kuhusu rangi ya mimea. Tangi ni la maji baridi, ujazo wa maji ni lita 100, kina sentimita 40. Taa ni LED nyeupe ya kelvini 6500, wati 20, inawaka kwa muda wa saa 10. Gesi ya kaboni natoa kwenye chupa ya hamira na sukari. Chini ni changarawe tupu. Vipimo: pH 7.4, KH (kiasi cha kaboneti majini) 6, nitrati 30, fosfeti karibu sifuri, joto nyuzi 27.

Mimea ni mitatu. Rotala rotundifolia imebaki kijani kabisa. Ludwigia repens ina wekundu upande wa chini wa jani tu. Alternanthera reineckii ina rangi kileleni, lakini majani ya chini yana vidoa vigumu vya mwani wa kijani na yanadondoka. Kila siku naweka chuma cha maji, aina ya EDTA (kemikali inayoshika chuma kisigande). Niongeze kipimo au ninunue taa nyingine?

FundiTangi

Mkuu, acha kwanza kuongeza chuma. Chuma hakipaki jani rangi. Mmea unakihitaji ili utengeneze klorofili, na kikipungua dalili huonekana juu: majani machanga hutoka ya manjano au meupe huku mishipa ikibaki kijani. Kama vichipukizi vyako haviko hivyo, ukiongeza zaidi unalisha mwani.

Tena hicho unachoweka, sehemu kubwa inapotea. EDTA hushika chuma vizuri pH ikiwa chini ya 6.5 hivi. Kwenye 7.4 inakiachia mapema, kinaganda na kutua chini. Tafuta chuma cha DTPA, kishikizi kingine, hiyo huvumilia hadi karibu 7.5. Ukipata unga wenye asilimia 11 ya chuma, gramu 0.1 kwenye lita 100 inakupa takriban 0.1 mg/l. Weka mara mbili au tatu kwa wiki, basi.

Kinachokukwamisha ni gesi. Hesabu ya kawaida ya kujua gesi iliyomo majini ni hii: zidisha 3 kwa KH, kisha zidisha kwa 10 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 7 kutoa pH. Kwako inatoka kama 7 mg/l. Mimea myekundu yenye mashina hustawi kwenye 25 hadi 30. Kwa KH 6, hiyo 30 utaifikia pH ikishuka hadi 6.8.

Ila hesabu hiyo hudanganya maji yakiwa na asidi nyingine, kwa mfano kama kuna gogo linalotoa rangi ya chai. Njia salama zaidi: chota glasi ya maji ya tangi, iache wazi siku nzima mpaka gesi itoke, upime pH. Halafu rekebisha gesi mpaka pH ya tangi iwe chini ya hiyo kwa kizio 1 hivi. Unaweza pia kuning'iniza kile kichupa cha kupimia chenye kimiminika cha KH 4. Kikiwa bluu, gesi haitoshi, kijani, sawa, manjano, samaki wako hatarini. Kumbuka tu kwamba kichupa huchelewa kubadilika kwa saa moja au mbili.

Chupa ya hamira haitakufikisha huko. Siku ya pili inatoa nyingi, siku ya kumi inasuasua, na usiku inaendelea kutoa wakati mimea haitumii. Kupanda na kushuka huko ndiko mwani unakopenda. Tumia mtungi wa gesi wenye regyuleta, valvu ya umeme na taima. Ifungulie saa 2 kabla ya taa kuwaka, ifunge saa 1 kabla ya taa kuzima. Anza na povu moja kwa sekunde, ongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na uwe karibu na tangi unapoongeza. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, funga gesi na washa pampu ya hewa hapo hapo.

ChujioSafi

Mimi naona mnazunguka mbali. Rotala inataka njaa. Acha nitrati ishuke mpaka kipimo kisome sifuri, utaona imewaka yenyewe bila mtungi wala nini.

Mizizi_Majini

@ChujioSafi hapo kuna ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine imeua mimea mingi.

Rotala na Ludwigia hupata wekundu kutokana na anthosayanini, rangi ambayo mmea hujitengenezea. Mmea ukipata mwanga mkali na sukari nyingi, huku nitrojeni ikiwa haba, ukuaji hupungua na rangi hiyo hujikusanya. Kwa hiyo kushusha nitrati kunasaidia, lakini shusha hadi 5 au 10 mg/l, si sifuri. Kwenye sifuri Rotala huwa nyekundu kwa muda mfupi, kisha vilele vinadumaa, majani mapya yanakuwa madogo yaliyojikunja, ya chini yanageuka manjano na kuoza. Na mmea usiokua hauna kinga dhidi ya mwani.

Alternanthera ni habari nyingine. Iko kwenye familia ya mchicha, na wekundu wake unatokana na betalaini, rangi ya aina nyingine. Ina rangi kwa asili. Ukiishindisha njaa huongezi wekundu wowote, unadondosha majani tu. Ndiyo maana @KijaniTu anaiona nyekundu kileleni hata kwenye nitrati 30.

Hatua za kwako, @KijaniTu: badilisha nusu ya maji leo na nusu nyingine baada ya siku tatu. Kama maji unayoongeza hayana nitrati, kutoka 30 utafika 15, kisha 7 na kitu. Pima na maji ya bomba pia, maana mengine huja na nitrati zake. Baadaye badilisha nusu kila wiki.

Vile vidoa vigumu kwenye majani ya chini mara nyingi ni ishara ya fosfeti kuwa chini sana pamoja na gesi kidogo. Watu huogopa fosfeti bure. Weka KH2PO4 (fosfeti ya potasiamu), gramu 0.1 kwa lita 100, hiyo ni 0.7 mg/l, mara moja au mbili kwa wiki. Lenga kubaki kati ya 0.5 na 1.5. Potasiamu iongeze kwa K2SO4 (salfeti ya potasiamu), kwa sababu haina nitrojeni: gramu 1 kwa lita 100 ni karibu 4.5 mg/l, mara moja baada ya kubadilisha maji. Nitrati ikishuka chini ya 5 ndipo utumie KNO3 (nitrati ya potasiamu), gramu 0.5, itapanda kwa 3 mg/l. Usisahau mbolea ya madini madogo madogo. Ikiwa ina chuma tayari, punguza kile cha DTPA.

Na kwa kuwa changarawe yako haina rutuba, chomeka vidonge vya mbolea chini ya Alternanthera, sentimita 5 kwenda chini, kimoja kwa kila eneo la sentimita 15 hivi. Mizizi inakula chini wakati maji ya juu yanabaki na nitrojeni kidogo. Kila mmea unapata chake.

KijaniTu

Asanteni sana. Mtungi nitatafuta. Sasa taa je? Nikiweka ya wati 40 itatosha?

FundiTangi

Wati inakuambia umeme unaoliwa tu. Taa mbili za wati sawa zinaweza kutofautiana sana kwa mwanga unaofika chini. Kipimo chake ni PAR, yaani mikromoli za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde. Ludwigia repens huanza kupendeza kwenye 50 hivi. Rotala kuwa nyekundu toka juu hadi katikati inataka 100 au zaidi pale ilipo. Kama huna mita, angalia mmea wenyewe: shina likirefuka na nafasi kati ya majani kuwa kubwa, mwanga ni mdogo.

Kuna jambo lingine watu husahau. Jani jekundu linaonekana jekundu pale tu taa inapotoa mwanga mwekundu wa kurudishwa machoni. LED nyeupe nyingi za 6500 zina mwekundu kidogo, hivyo mmea wenye rangi nzuri unaonekana wa kahawia. Chukua taa yenye diodi nyekundu za nanomita 620 hadi 660, pamoja na bluu na kijani. Na tahadhari: taa ya waridi iliyozidishwa mwekundu hufanya hata samaki waonekane wamepakwa. Hiyo ni kudanganya macho, mmea haujabadilika.

Usiongeze mwanga kabla gesi haijatulia. Taa kali bila gesi huleta mwani wa nywele ndani ya wiki chache. Punguza muda uwe saa 7, anza na nusu ya nguvu, panda asilimia 10 kila wiki. Joto nalo lishushe hadi 24 kama samaki wako wanalivumilia: gesi huyeyuka vizuri zaidi na ukuaji hauwi wa pupa.

ChujioSafi

Sawa, kwenye Alternanthera nimekubali. Lakini asiye na mtungi naye afanyeje?

Mizizi_Majini

Achague mimea inayowezekana. Lotasi nyekundu ya majini, Nymphaea, juu ya kidonge cha mbolea. Cryptocoryne wendtii ya kahawia. Ludwigia repens aina ya 'Rubin', mwanga wa wastani. Na ile inayoelea, Phyllanthus fluitans, huwa nyekundu kweli kwa sababu iko karibu na taa na inapata gesi hewani. Ila maji ya juu yawe yametulia. Rotala macrandra na Rotala wallichii aziache.

KijaniTu

Swali la mwisho: haya majani ya kijani yaliyopo yatageuka?

FundiTangi

Mengi hayatageuka, hasa ya chini, wala usiyahukumu. Tazama yanayotoka baada ya mabadiliko, wiki 2 hadi 3. Vichipukizi vipya vikifika urefu wa sentimita 10, kata vilele chini kidogo ya kifundo, ng'oa mashina ya zamani, upande vilele hivyo kimoja kimoja kwa nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Ukivibana kwenye fungu moja, vya katikati vinatiwa kivuli na vinabaki kijani. Majani ya Alternanthera yenye vidoa yakate, hayasafishiki. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, ukipe wiki mbili kabla ya kugusa kingine. Gesi iwe ya kwanza.