Redio ya mtu mmoja: nimfuate shangazi au "mtumiaji wa wastani"?

Mpimaji
Wakuu, habari za leo. Nabuni redio ndogo ya mezani, na ninayembunia ni shangazi yangu. Ana baridi yabisi ya vidole. Vitufe vya kubonyeza vinamtesa, skrini ya kugusa hataki hata kuisikia. Kwa hiyo nimemwekea nobu nene ya kuzungusha, ya kushikwa kwa kiganja kizima. Hapo hatuna ubishi. Ubishi ni huu: anataka nobu itoe "ta! ta!" kila inapohamia kituo kingine, na ausikie mdundo huo mkononi. Ya nini? "Inanifurahisha." Basi. Mwenzangu kwenye mradi anasema huko ni kudekeza, tubuni kwa vipimo vya mtu wa wastani, ya shangazi yabaki nyumbani. Mngefanyaje?

Msumeno Butu
Mwambie mwenzako amlete huyo mtu wa wastani tumwone. Jeshi la Anga la Marekani lilishamtafuta. Miaka ya 1950 Luteni Gilbert Daniels alichambua vipimo vya marubani 4,063, akachagua 10 vilivyoonekana muhimu kwa ubunifu. Wala hakubana: aliyekuwa ndani ya asilimia 30 ya katikati alihesabiwa wa wastani. Kwa vipimo vyote 10, hakupatikana hata rubani mmoja. Jeshi likaishia kudai viti na pedali za kurekebishika.

Kijakazi wa Kalamu
@Msumeno Butu sawa, lakini walirekebishiwa viti, hawakuundiwa kila mtu ndege yake. Redio hii ikiuzwa, atakayesikiliza usiku mwenzie kalala atailaani hiyo "ta ta". Mpimaji, tenganisha mambo mawili: mlio na mguso. Mdundo wa mkononi unaletwa na springi inayosukuma gololi kwenye vijishimo. Kelele unaweza kuipunguza, mguso ukabaki. Mpe nobu za aina zote mbili ashike, usimweleze kitu, tazama mikono yake.

Nyuzi Tatu
Mimi niko na shangazi. Sam Farber, mwanzilishi wa kampuni ya OXO, alimwona mkewe Betsey, mwenye baridi yabisi, akisumbuka na kifaa cha kumenyea. Mwaka 1990 zikatoka zana za jikoni za OXO, mipini minene ya mpira laini, na pale vidole vinaposhika pana mikunjo ya kubonyea. Wenye vidole vizima nao wakazinunua. Na hazina sura ya vifaa vya hospitali, jambo ambalo wabunifu wengi wa "mahitaji maalumu" hulisahau kabisa, kana kwamba mgonjwa hana macho. Hiyo "ta ta" labda inamsaidia kuhesabu vituo bila miwani?

Mpimaji
Nilitamani iwe hivyo, Nyuzi Tatu, nipate la kumjibu mwenzangu. Nimemuuliza, hahesabu chochote. Huizungusha hata redio ikiwa imezimwa! Nilimpa nobu mbili kama alivyoshauri Kijakazi: ya kelele aliiweka chini mapema, ya mguso mtupu hakuiachia. Kwa hiyo mguso unabaki, mlio tunautoa. Mwenzangu amekubali shingo upande, kwa sharti springi iweze kulegezwa kwa skrubu moja ya nyuma. Sasa swali jingine: gololi ya chuma kwenye vijishimo vya plastiki, si itavila upesi? Au nitumie ya nailoni?

Kijakazi wa Kalamu
Nailoni, na mafuta kidogo ya grisi. Ila ijaribu kwa springi yenyewe utakayotumia.