Asidi kwenye chupa ya maji ya kunywa, halafu tunaambiwa sisi ndio wazembe!

Wakuu, naandika huku nakohoa, mnivumilie.

Kazi yetu ni usafi wa jengo zima. Dawa zinakuja kwenye madumu ya lita 20 yenye lebo safi kabisa, na ile alama ya mpaka mwekundu inayoonyesha kimiminika kinakula mkono na chuma. Shida ni kwamba madumu hayatoki stoo. Supavaiza anatupimia kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, anafunga kizibo, basi. Hakuna jina, hakuna hata alama ya kalamu. Ukiuliza hii ni ipi, anajibu: "Nusa, utajua."

Nusa! Mtu mzima anamwambia mtu mzima mwenzake anuse asidi.

Juzi dada mmoja, siku yake ya tatu kazini, alimimina chupa ya kwanza chooni. Madoa yakagoma, akaongeza ya pili. Ya kwanza ilikuwa asidi ya kutolea madoa, ya pili klorini ya kung'arishia. Wanaojua wameshajua: hapo inafuka gesi ya klorini, ile ile Wajerumani waliyowafungulia adui zao vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Nayo ni nzito kuliko hewa, inatanda chini, na yeye alikuwa amepiga magoti anasugua. Nilisikia kikohozi nikiwa koridoni. Kuingia tu, macho yakawaka, koo likakaba. Nikamburuta nje kwa kola ya sare.

Barakoa alivaa, ndiyo. Ya karatasi, ya vumbi. Gesi inapita pale kama upepo kwenye chandarua.

Sasa sikilizeni ripoti ya ofisi: "uzembe wa mfanyakazi." Ushahidi wao ni daftari la mafunzo lenye saini yake. Saini hiyo aliiweka siku ya kwanza alipopewa sare: saini hapa, hapa na hapa, haya kafanye kazi. Mimi mwenyewe nimesaini mafunzo mawili ambayo sijawahi kuyaona.

Na karatasi za usalama za hizo dawa, zile zenye sehemu 16, zipo! Zimefungiwa kwenye droo ya meneja. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 10 inaeleza dawa isikutanishwe na nini. Mtu anakata pumzi, mimi nianze kutafuta mwenye ufunguo?

Na asije mtu hapa kuniambia haya mambo hayana utaratibu. Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1990, kifungu cha 11: kemikali ikihamishiwa chombo kingine, mwajiri ahakikishe mfanyakazi anajua ni nini, ina hatari gani na ajikinge vipi. Lebo tu, jamani! Kipande cha karatasi na gundi.

Dada wa watu bado anapumua kwa filimbi, na siku alizolala nyumbani wamezikata kwenye mshahara.

Mimi jana nilinunua kalamu ya wino usiofutika kwa hela yangu, nikaandika chupa zote za zamu yetu. Leo nimeitwa ofisini kujieleza kwa nini "nachafua vifaa vya kampuni." Kuna mdau hapa aliyewahi kuwaita wakaguzi wa usalama kazini bila jina lake kuvuja? Ulianzia wapi?