Nge ndani ya nyumba, Dodoma: naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwezi wa tano tangu nihamie Dodoma kikazi. Vumbi, upepo na baridi ya usiku ya mwezi wa saba nimeshazoea. Maji yakikatika, nina ndoo na tenki. Linalonikosesha usingizi ni nge.

Tunaishi Nkuhungu, na fundi aliacha rundo la tofali na mawe nyuma ya jiko. Tangu joto hili lianze nimeua wanne: wawili bafuni, mmoja chini ya zulia, na mmoja ndani ya kiatu cha binti yangu wa miaka 3. Huyo wa kiatuni alinitoa machozi. Sasa nakung'uta viatu na mashuka kila siku, na kitanda chake nimekisogeza mbali na ukuta. Mama mwenye nyumba ananiambia nimwage mafuta ya taa mlangoni, lakini naogopa moto, tena mtoto ana kifua.

Wenyeji, nyie mnafanyaje? Nianze na lile rundo, au kuna dawa ya kupuliza isiyodhuru watoto? Na akiumwa usiku, nimfanyie nini kabla hatujafika hospitali? Kuchanja na kunyonya sumu sitaki kabisa.