Klabu yetu inasomesha vijana wanne na hela inakata, wenzangu wanataka tuongeze watano. Naombeni ushauri kabla ya kikao

Mleta uzi

Wakuu habari za majukumu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo lenyewe refu kidogo na kikao chetu ni Jumamosi ijayo.

Mimi ni mratibu wa elimu kwenye klabu ya kujitolea, zile ambazo wanachama tunakutana mara mbili kwa mwezi, tunachanga, tunachangia damu, tunatembelea wagonjwa, tunafanya usafi, na miaka mitatu iliyopita tukaongeza na skolashipu kwa vijana waliofaulu ila nyumbani hakuna uwezo. Hela tunapata kwenye matembezi ya hisani mara moja kwa mwaka, hafla ya jioni mara moja kwa mwaka, na ada za wanachama wenyewe.

Sitataja kiasi, nitatumia mafungu, fungu 1 ni gharama ya kijana mmoja chuoni mwaka mzima. Tuna vijana 4. Wawili wamebakiza miaka 2, mmoja mwaka 1, mmoja ndo kaanza ana miaka 3 mbele. Kwa hiyo mpaka wote wamalize tunahitaji mafungu 8. Benki tulikuwa na 6. Nasema tulikuwa kwa sababu mweka hazina alichukua fungu 1 akalipa utangulizi, yaani malipo ya awali, ya ukumbi wa hafla, kwa nia njema kabisa, akijua itarudi, ila hafla ikaahirishwa na wenye ukumbi wanasema utangulizi haurudishwi. Tumebaki na 5.

Sasa hapo ndo wenzangu wanataka tupokee vijana wapya watano, kozi ya miaka 3 kila mmoja. Hoja yao ni kwamba wafadhili wanatoa wakiona sura mpya jukwaani, hao wa zamani walishapigwa picha mwaka juzi. Kuna aliyependekeza wa zamani walipiwe nusu tu, nusu wajitafutie. Na kati ya majina matano mapya, moja ni la mtoto wa dada yake mjumbe wa kamati hiyohiyo inayochagua.

Mimi usingizi sipati. Hawa vijana nawajua, nilienda kwao, nilikaa na wazazi wao nikawaambia msiwe na wasiwasi atamaliza. Lakini pia hao watano nimesoma barua zao na kila mmoja anastahili. Na wa kufanya kazi hatupo, kwenye orodha tuko wanachama 40, wanaoonekana siku ya kazi ni walewale saba. Nifanyeje? Nawasilisha.

Kigingi

Usipokee mpya hata mmoja kwa sasa. Kijana aliyefika mwaka wa pili ukimwacha njiani umemuumiza kuliko yule ambaye hukumchukua kabisa. Huyu wa pili bado anatafuta njia nyingine, yule wa kwanza ameshaziacha njia zote kwa ajili ya ahadi yenu, na chuo kikimdai hata matokeo yake anaweza kuzuiliwa. Hilo la kulipa nusu ndo baya zaidi maana nusu haimruhusu kufanya mtihani, ni hela imeondoka na mwanafunzi bado yuko nje.

Mweka hazina mstaafu

Mleta uzi pole sana, na hongera kwa kujali. Nimeshika vitabu vya klabu kwa miaka mingi, niseme kwenye hela maana hapo ndo naona tatizo lilipoanzia.

Kwanza, je mna akaunti ngapi? Naamini mna moja, maana mngekuwa na mbili mweka hazina asingeweza kufanya alichofanya hata angetaka. Klabu za Lions kwa mfano, zile za kujitolea za kimataifa, zina utaratibu wa siku nyingi, hela ya uendeshaji ambayo ni ada za wanachama inakaa peke yake, na hela iliyochangwa na umma inakaa peke yake na yote inarudi kwa umma. Gharama za moja kwa moja za shughuli ya kuchangisha mnaweza kuzikata kwenye mapato ya shughuli hiyo, ila huwezi kuchukua hela ambayo mtu wa mwaka jana alitoa kwa ajili ya masomo ukalipia ukumbi wa mwaka huu. Yule mtoaji hakutoa kwa ajili ya ukumbi. Kwa hiyo lile fungu 1 liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba ni deni, mfuko wa masomo unaudai mfuko wa uendeshaji, litalipwa kwa ada za wanachama kwa miezi mtakayokubaliana, na tarehe ya mwisho iandikwe. Msimgeuze mweka hazina mwizi, ila msilifunike pia. Na kuanzia hapo saini ziwe mbili za watu wasio wa nyumba moja, na karatasi ya benki isomwe kila kikao hata kama hakuna kilichobadilika.

Pili hesabu. Mwaka huu hawa wanne wanakula mafungu 4, linabaki 1. Mwaka ujao wako watatu, mwaka unaofuata mmoja, jumla 4 tena. Mna 1 mkononi, deni likilipwa mna 2, pengo lenu halisi ni mafungu 2. Niambie, mwaka jana baada ya kutoa gharama zote mlibaki na ngapi?

Mleta uzi

Asante sana mzee wangu. Ni akaunti moja, umelenga. Mwaka jana tulibaki na mafungu 3, matembezi yalitupa 2 na hafla 1, ingawa hafla ndo ilikusanya hela nyingi zaidi kwa kuhesabu za mlangoni.

Mweka hazina mstaafu

Umeona sasa. Hafla inakusanya nyingi ila ukumbi, chakula, mziki, mapambo na kuchapisha kadi vinakula karibu zote, halafu watu wenu walewale saba wanachoka wiki tatu nzima. Matembezi hayana ukumbi. Klabu nyingi zinaipenda hafla kwa sababu inaonekana, na kwenye taarifa wanasoma kilichoingia bila kusoma kilichobaki. Mkiiacha hafla mwaka huu mkaweka nguvu zote kwenye matembezi, mkatafuta mtu wa kudhamini fulana na maji, sioni kwa nini msifike hayo 3. Mawili yanaziba pengo la wa zamani, moja linakuwa la kwanza kwa kijana mpya, na mwaka unaofuata mnaongeza 2, hapo ndo mnampokea mmoja akiwa na miaka yake yote mitatu benki. Mkichukua watano mna mafungu 15 juu ya yale 8, jumla 23, na mkononi mna 5. Waandikie namba hizo ubaoni kikaoni, usihutubie.

Na mweke akiba kidogo juu yake maana ada za vyuo hupanda katikati ya kozi na kijana hakosei lolote hapo.

Sauti ya pembeni

Mi natofautiana kidogo na waliotangulia, naomba mnisikilize. Klabu ambayo haipokei mtu mpya miaka miwili inakufa taratibu, wanachama wanaona hakuna jipya, wanaacha kuja, wanaacha kuchanga, halafu hata wale wanne wanakosa. Hoja ya wenzako ya sura mpya siyo ya kudharau, mtu anatoa akiguswa. Ila siyo lazima mguso uwe ni ada ya miaka 3. Hao watano wasaidieni kwa vitu vya mara moja vinavyoisha, ada ya maombi ya chuo, nauli ya kwenda kwenye usaili, vitabu vya muhula wa kwanza, mtu wa kuwasaidia kujaza fomu za mkopo wa serikali kama upo huko mliko. Wengi wanakosa mkopo au nafasi kwa sababu ya fomu iliyojazwa vibaya au kiambatanisho kilichosahaulika, na hilo halihitaji mafungu, linahitaji mtu mwenye subira jioni mbili.

Kigingi

Hapo kwenye msaada wa mara moja nakubali, mradi waambiwe wazi tangu mwanzo kwamba ni mara moja.

Nilisomeshwa

Huwa nasoma tu humu siandiki ila hii imenigusa.

Mimi nilisomeshwa na klabu kama yenu. Mwaka wa kwanza walilipa vizuri, nikaitwa kwenye hafla yao nikavaa suti ya kuazima nikapigwa picha na watu wengi. Mwaka wa pili nikaenda dirishani pale uhasibu kuchukua kibali cha mtihani nikaambiwa hujalipiwa. Nikajua ni makosa, nikapiga simu, haikupokelewa, nikapiga tena wiki nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hela imeisha. Ningeambiwa mapema miezi mitatu tu ningeomba kuahirisha mwaka kwa utaratibu, chuo kina fomu ya hilo, badala yake nikahesabiwa nimetoroka masomo. Nilirudi baadaye kwa jasho la mama yangu na nikamaliza, Mungu ni mwema.

Kwa hiyo ndugu mleta uzi, lolote mtakaloamua Jumamosi, hao wanne waambieni Jumapili. Hata kama ni habari mbaya. Na mtu mmoja awe na kazi hiyo moja tu ya kuwapigia kila muhula, siyo kuwauliza matokeo tu, muulize anafikaje darasani, anakula nini, ana kompyuta ya kuandikia kazi au anangoja ya rafiki. Ada ikilipwa mtu anaweza kufeli kwa kukosa nauli, nimewaona.

Na jambo lingine, mimi leo nina kazi. Wale watu hawajawahi kunitafuta hata kuniomba nije kusaidia siku ya matembezi. Ningekuja.

Dada wa kamati

Nilisomeshwa umenitoa machozi, asante kwa kuandika.

Mleta uzi, mimi niko kamati ya uchaguzi ya klabu nyingine, niongezee kuhusu yule mtoto wa dada yake mjumbe. Msimkatalie kwa sababu ya undugu, anaweza akawa ndiye mwenye shida kuliko wote. Mjumbe aseme uhusiano wake, atoke nje wakati jina linajadiliwa, asipige kura, na iandikwe kwamba alitoka. Sisi pia tunaficha majina, barua zinasomwa kwa namba, na vigezo tunavipanga kabla ya kufungua bahasha, alama ngapi za hali ya nyumbani, ngapi za ufaulu, ngapi za maelezo yake mwenyewe. Vigezo vikipangwa baada ya kujua majina vinafuata majina. Na hela msimpe mzazi wala kijana mkononi, lipeni chuoni kwa jina lake na namba yake, mchukue risiti.

Kuhusu wale saba wanaochoka, acheni kutangaza kwenye grupu "tunaomba watu wa kujitolea". Hilo tangazo kila mtu anasoma anadhani ni la mwenzake. Mpigie mtu kwa jina, mwambie nakuomba wewe, Jumamosi, saa mbili mpaka saa nne, kazi ni kugawa namba za washiriki mezani. Mtu akijua mwanzo na mwisho anakuja. Na wapo ambao hawawezi kusimama juani ila ni mwalimu, ni mhasibu, wape kijana mmoja wamfundishe saa moja kwa wiki.

Msomaji wa zamani

Naweka hili kwa ajili ya wenzako wanaotaka haraka. Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea duniani, alipendekeza mwaka 1917 uanzishwe mfuko wa kudumu wa kufanya mema duniani. Mchango wa kwanza uliingia 1918 kutoka klabu ya Kansas City, dola 26.50. Skolashipu zao zilianza 1947, mwaka aliofariki Paul Harris mwanzilishi wao, michango ikaingia mingi kwa kumbukumbu yake, na wakaanza na wanafunzi 18. Yaani kati ya wazo na wanafunzi wa kwanza ni miaka 30. Siwaambii msubiri miaka 30, ila walikusanya kwanza ndo wakaahidi, na hata nyie mkianza kutenga sehemu ndogo ya kila shughuli isiyoguswa, ikakaa amana ya muda maalum, iko siku faida yake peke yake italipia kijana mmoja.

Mleta uzi

Wakuu nimerudi, kikao kimeisha jana saa mbili usiku, nilikuwa nimeahidi mrejesho.

Niliandika namba ubaoni kama alivyoniambia mzee, 5, 8, 23, nikakaa. Kimya kilikuwa kirefu. Mweka hazina mwenyewe ndo akasimama wa kwanza akasema liandikwe kuwa deni, na yeye atachangia sehemu yake kabla ya wengine, nikamheshimu sana. Tumekubaliana miezi sita. Akaunti ya pili tunafungua wiki hii, saini mbili. Hafla mwaka huu haipo, nguvu zote matembezi. Ada ya mwaka huu ya wale wanne imetengwa, haiguswi. Watano wapya watasaidiwa fomu na nauli ya usaili, wamepangiwa wanachama watano, kila mmoja na wake, na hao wanachama hawakuwa kwenye wale saba. Mjumbe mwenye ndugu alitoka nje bila kuombwa mara mbili.

Siyo wote walioridhika. Wawili wamesema tumeua hafla yao na mmoja ameondoka kwenye grupu. Nitamfuata nyumbani nikaongee naye, ni mtu aliyefanya kazi kubwa.

Leo nimewapigia wale vijana wote wanne. Yule wa mwaka wa kwanza alikuwa ameshasikia fununu kwamba hela imeisha, akawa ameanza kutafuta kibarua cha ulinzi usiku, hakuniambia kwa sababu aliona aibu kuonekana anadai. Kesho asubuhi naenda naye uhasibu tukalipe muhula wake pamoja. Nilisomeshwa, nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu siku ya matembezi.